Mwalimu Kijana wa Sayansi na Uthibitisho wa Kudumu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya mabaharia yamfaa pia profesa wa sayansi aliyekwisha kukita mizizi katika chuo kikuu cha Marekani. Makala haya yaeleza jinsi profesa huyo anavyoundwa. Yaeleza pia kwa nini walimu wanaotoka katika makundi yenye watu wachache maabarani, yaani wanawake, Waamerika Weusi, Walatino na wenyeji wa asili wa nchi ile, huhatarika zaidi kuzama kabla ya kufika bandarini.

Msomaji wa Kongo amezoea ngazi ya asistenti, mkuu wa kazi na profesa, na anajua kwamba kizingiti kikubwa ni udaktari. Huko Marekani udaktari ni mlango tu. Mwenye shahada hiyo, mara nyingi baada ya miaka kadhaa ya utafiti chini ya mwingine, huajiriwa kama profesa msaidizi kwa majaribio. Kanuni zilizotangazwa mwaka 1940 na Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani pamoja na umoja wa vyuo zilishauri kwamba majaribio hayo yasizidi miaka 7. Kwa kawaida katika mwaka wa 6 jalada lake hufunguliwa: maandishi, ufundishaji, huduma kwa chuo, na barua za wataalamu wa nje. Akikubaliwa, hupata uthibitisho wa kudumu, yaani hawezi kuondolewa pasipo sababu nzito, ili awe huru kutafuta ukweli hata usipowapendeza wakubwa. Akikataliwa, kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa kufunga mizigo.

Kwa mwanasayansi majaribio haya yana ugumu wake. Mwanahistoria aweza kuandika akiwa na vitabu na meza. Mwanabiolojia asiye na chumba, vyombo na wanafunzi wasaidizi ni mvuvi asiye na nyavu. Kwa hiyo mgao wa mwanzo, yaani fedha na nafasi anayopewa siku ya kuajiriwa, huweza kuamua hukumu ya mwaka wa 6.

Mfano unaojulikana sana ni wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka 1994 kitivo chake cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 waliothibitishwa, dhidi ya wanaume karibu 200. Mwanabiolojia Nancy Hopkins, aliyenyimwa nafasi ya kutosha, alichukua utepe wa kupimia akapima maabara za wenzake, akaona kwamba hesabu hazilingani. Ripoti iliyotangazwa mwaka 1999 ilikiri kwamba wanawake wengi waliokwisha kupanda cheo walikuwa wametengwa katika mishahara, nafasi na madaraka. Ilionyesha pia jambo la kutafakari: wanawake vijana walijiona wanasaidiwa vema, na kila kizazi kilianza kikidhani kwamba ubaguzi ulikwisha katika kizazi kilichotangulia.

Tatizo la pili ni wakati. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliliita kodi ya kitamaduni. Mwalimu aliye peke yake wa kabila lake huitwa katika kila kamati inayotaka sura mbalimbali, na wanafunzi wa kabila hilo humwendea yeye kwa mashauri. Kazi hiyo ni ya heshima na ina faida kwa chuo; lakini jalada linapofunguliwa, huhesabiwa kidogo sana kuliko makala ambayo hakupata saa za kuyaandika.

Tatizo la tatu ni hukumu ya wenzake. Utafiti ulioongozwa na Donna Ginther, uliochapishwa mwaka 2011, ulichunguza maombi ya ruzuku kwa Taasisi za Taifa za Afya. Hata baada ya kulinganisha elimu, maandishi na chuo cha mwombaji, uwezekano wa Mwafrika kupata ruzuku ulikuwa chini kwa alama 10 za asilimia kuliko wa mzungu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 20 ya tofauti hiyo ilitokana na mada: waombaji Weusi walielekea zaidi kuchunguza afya ya jamii, na mada hizo zilifadhiliwa kwa nadra. Hivyo anapoanguka mwalimu, swali lake huanguka naye, na watu ambao swali hilo liliwahusu hukosa jibu.

Ni msaada gani basi unaofaa? Kwanza, mgao wa mwanzo uandikwe na ulinganishwe na wa wengine. Pili, mwalimu kijana apunguziwe vipindi na kamati katika miaka ya mwanzo. Tatu, apate walezi zaidi ya mmoja, na tathmini ya maandishi kila mwaka, asije akashtukizwa mwishoni. Nne, waamuzi wenyewe wafundishwe. Njia hiyo ya mwisho ilifuatwa na Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia mwaka 2002, katika mpango wa ADVANCE ulioanzishwa mwaka 2001 na Wakfu wa Taifa wa Sayansi: maprofesa wenye heshima waliwaeleza wenzao jinsi upendeleo usiokusudiwa unavyoingia katika uteuzi.

Hata hivyo wema pasipo kipimo waweza kudhuru. Vyuo vingi viliongeza mwaka mmoja wa majaribio kwa kila mzazi mpya, mama au baba. Utafiti wa mwaka 2018 katika idara za uchumi ulionyesha kwamba kanuni hiyo iliongeza uthibitisho wa wanaume na kupunguza wa wanawake, kwani akina baba waliweza kuutumia muda huo kuandika.

Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilikatisha ruzuku nyingi zilizolenga usawa wa namna hii. Lakini mengi ya yaliyotajwa hayadai hazina kubwa: mkataba ulio wazi, mlezi mwaminifu, saa zinazohesabiwa kwa haki. Asistenti wa Lubumbashi au Kisangani anayengojea udaktari wake ayajua mahitaji hayo pasipo kufundishwa. Na mkuu wa idara popote alipo aweza kuanza na utepe wa kupimia.