LAND ROVER YA BABU: TUIUZE KWA KILO AU TUIFUFUE?

Ukipita Njoro, Molo au Mau Narok hukosi kuona Land Rover kuukuu nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wakitaga mayai kitini. Sisi pia tulikuwa nayo. Babu aliinunua mwaka 1983, mkono wa pili, akabebea pareto, maziwa na viazi mpaka ikazimika. Mwaka jana mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuja na mizani yake. Baba alitaka kuiuza kwa kilo apate karo yangu. Babu akakataa katakata. "Gari hili ndilo lililokusomesha wewe," akamwambia baba. "Leo walipima kama mzoga?"

Ugomvi huo ndio ulionipeleka kwenye gereji za jua kali mjini Nakuru kuuliza maswali. Niliyojifunza ndiyo haya.

Kwanza tuanze na asili. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walitumia gari dogo la Jeep, lililopita penye matope na mawe. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover huko Uingereza alikuwa na Jeep moja shambani mwake. Yeye na wenzake wakaamua kuunda yao, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Kumbe basi ina damu ya Marekani!

Labda utauliza: mbona pikapu kuukuu za Ford na Chevrolet tunazoziona katika filamu hazijajaa hapa kwetu? Jibu ni sheria. Usukani wake uko kushoto, nasi twaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo magari ya aina hiyo hayasajiliwi ila kwa ruhusa maalumu. Tena gari lililotumika halikubaliwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Land Rover zilikuwa tayari hapa, na nyingine ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1974. Ndiyo sababu spea zake, ziwe mpya au zilizotumika, bado hupatikana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mafundi waliniambia kuna mpango wa kufuatwa, na anayeuruka hulia.

Mosi, chunguza chesisi. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hivyo bodi iliundwa kwa alumini, madini yaleyale ya sufuria za nyumbani. Bodi haishiki kutu ya kahawia, nayo humdanganya mnunuzi. Chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani kama bomba. Matope huingia humo, yakakaa na unyevu, kutu ikala kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo ugonge pole pole. Ikilia ngaa, ni nzima. Ikitoa sauti nzito au ikitoboka, itabidi ikatwe na kuchomelewa chuma kipya. Sisi tuliwahi kudanganywa hapo. Fundi wa kwanza alipaka rangi nyeusi juu ya kutu, akalipwa, akaenda zake. Miezi miwili baadaye kidole changu kilipenya.

Pili, breki na usukani. Land Rover za zamani zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Silinda zake huvuja na mabomba huoza. Vijana wengi hukimbilia injini kwanza, ati gari liwe na nguvu. Nguvu bila breki ni maafa. Anayeujua mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, jinsi ulivyomaliza watu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatu, injini. Ya babu ni ile ya petroli ya sentimita 2,286 za ujazo. Ni ngumu na rahisi kufungua, lakini inakunywa! Lita moja haifiki mbali, kama kilomita sita hivi. Ndiyo maana wengi huitoa na kutia ya dizeli kutoka pikapu za Kijapani kama Isuzu au Nissan. Jambo hilo lawezekana, ila si kutoa hii na kutia ile tu. Lazima kitengenezwe kipande cha kuunganisha injini na giaboksi, vishikizo vya injini vichomelewe upya, na rejeta ibadilishwe. Tena nguvu ikizidi, ekseli za nyuma, ambazo tangu zamani ni dhaifu, huvunjika.

Nne, karatasi. Ukibadilisha injini, namba yake haitalingana na iliyo kwenye logibuku. Ni lazima gari likaguliwe na NTSA waandikishe mabadiliko. Usipofanya hivyo, polisi akikusimamisha atakuona mwizi wa injini, na kampuni ya bima yaweza kukataa kukulipa.

Rangi ni ya mwisho kabisa. Rangi haivuti gari matopeni. Kinachovuta ni ile kirungu cha njano: ukikibonyeza chini magurudumu manne yote yanashika kazi. Ukivuta kile chekundu unapata gia za polepole za kupandia mlima. Babu alinionyesha hayo kabla gari halijawa na hata tairi moja.

Je, sisi tulifanyaje? Baba na babu waliketi, tukapiga hesabu pamoja mezani. Injini ya dizeli pamoja na kazi yake ilipita uwezo wetu. Tukaamua kubakisha ileile ya petroli, kwa kuwa gari halitakwenda safari ndefu. Pesa za viazi za msimu mmoja zilikwenda kwenye chesisi, za msimu wa pili kwenye breki. Agosti iliyopita iliwaka. Ilitoa moshi mpaka kuku wakatawanyika, na babu akaketi kitini akanyamaza kwa muda mrefu.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Gharama yetu haijarudi. Lakini sasa inabeba viazi vyetu na vya majirani hadi sokoni Njoro, na sehemu ya karo yangu ya muhula huu imetokana na kazi hiyo. Baba haizungumzii mizani tena.

Kama kwenu mnayo, usiseme haraka kwamba ni takataka, wala usiseme haraka kwamba ni dhahabu. Igonge chesisi kwanza. Ikiwa imeoza yote, iuzeni bila haya, spea zake zitafufua nyingine. Ikiwa nzima, subira na mpango vitaisimamisha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: vikizama, huenda vikaundwa tena.