Benki zilipofunga: staji ya fedha inafanyiwa wapi Bukavu?

Mbele ya mwaka 2025, mwanafunzi wa uchumi ao wa comptabilité hapa Bukavu alijua njia: anaandika barua ya kuomba staji, anaipeleka kwenye benki za Avenue Lumumba, kisha anangoja simu. Katikati ya mwezi wa pili 2025, muji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango. Lakini mwanafunzi wa UCB, wa UOB ao wa UEA angali anahitaji staji ili amalize masomo. Na kisha masomo anahitaji kazi.

Basi wengi wanachukua staji popote, juu tu ya kupata muhuri kwenye karatasi. Wanakaa wiki sita kwenye kiti, wanapiga fotokopi, wanatumwa kununua maji. Ni hasara, sababu kuna muzazi aliyeuza kitu ili kulipa minerval.

Ndugu musomaji, staji ya fedha si jengo lenye vioo. Ni kufwata pesa tangu inaingia mpaka inatoka, pamoja na karatasi inayoishuhudia. Pale penye pesa inaingia kila siku, pana masomo.

Kuomba wapi?

Hospitali inapokea malipo ya wagonjwa, inanunua dawa, inalipa mishahara. Shule ina michango ya wazazi. Duka la vifaa kule Kadutu, depo ya vinywaji, ofisi ya mashua za ziwani, shirika la maendeleo, ajenti wa mobile money: wote wanahesabu pesa jioni, na wengi hawana mutu wa kuwasaidia.

Katika barua usiandike tu "naomba staji". Sema unataka kufwata mambo matatu: sanduku ya pesa (caisse), stoki, na madeni ya wateja. Mukubwa wa kazi akiona unajua unachotafuta, hatakutuma maji.

Zoezi la kila jioni

Tuchukue mufano wa duka. Asubuhi sanduku ilikuwa na franka 150 000. Muchana mauzo yakaingiza 420 000. Zikatoka 95 000 za kulipa wabebaji na umeme. Jioni panapaswa kubaki 475 000. Unahesabu, unakuta 450 000. Panakosa 25 000.

Usikimbilie kusema kuna mwizi. Rudi kwenye risiti moja moja. Pengine muteja alilipa kwa noti ya dola 10. Kama taux ya siku hiyo ilikuwa 2 500, ile noti ni franka 25 000 kamili. Mwenye sanduku aliandika mauzo kwa franka, na noti ya dola ikabaki kando kwenye droo. Pesa haikupotea, ni maandishi ndiyo yalikosea. Hapa kwetu tunauza kwa franka na kwa dola siku moja, kwa hiyo kila sanduku inapaswa kuwa na safu mbili, na taux ya siku iandikwe juu ya ukurasa.

Ukifanya hesabu hiyo kila jioni kwa wiki sita, utakuwa na kitu ambacho hakuna kitabu kinaweza kukupa.

Pesa ya simu nayo ina konti

Tangu benki zifunge, watu wengi wanalipana kwa Airtel Money, M-Pesa na Orange Money. Maduka mengi yanaandika pesa hiyo sawa vile ni pesa ya mukononi. Ni kosa. Congo iliingia OHADA mwezi wa tisa 2012, na mupango wa comptabilité SYSCOHADA uliorekebishwa ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Mule, benki iko konti 52, sanduku konti 57, na pesa ya elektroniki iko konti 55. Ile ya simu ni 552.

Faida yake ni nini? Pesa iliyo kwenye simu, ukitaka kuitoa, unakatwa. Yale makato ni gharama ya kazi. Yasipoandikwa, mwisho wa mwezi mwenye duka anaona faida ambayo haipo. Mwanafunzi anayeonyesha mwenye duka, kwa ukurasa mumoja tu, makato ya mwezi muzima ni kiasi gani, amefanya kazi ya fedha kamili.

Na kama duka ni dogo, usilazimishe vitabu vikubwa. SYSCOHADA ina mutindo mwepesi kwa biashara ndogo, unaoitwa système minimal de trésorerie: unaandika hasa yanayoingia na yanayotoka.

Chunga mipaka yako

Wewe ni mwanafunzi, si mwenye sanduku. Usisaini pesa ambayo hukuihesabu mwenyewe mbele ya mutu. Usipokee ufunguo wala kode ya siri ya simu ya kazi. Siku pesa ikikosekana, jina la kwanza litakuwa lako. Mishahara na madeni uliyoona yabaki kazini, usiyapeleke kwenye WhatsApp. Na mutu akiomba pesa, ao akiomba mwili, ili akusainie karatasi, hiyo si staji. Andika tarehe na maneno yake, mwambie muzazi na mukubwa wa chuo mapema. Kutafuta mahali pengine si aibu.

Daftari ndiyo ripoti

Usingoje wiki ya mwisho. Kila jioni andika mistari mitatu: nilifanya nini, hesabu gani niliihakikisha, swali gani limebaki. Kesho yake uliza lile swali kwa heshima, wakati hakuna muteja. Kisha wiki sita, ripoti itakuwa imejiandika, na mwalimu akikuuliza utajibu bila kusoma.

Attestation iombe mapema, usingoje siku ya mwisho. Na usiondoke mikono mitupu: acha kwenye meza ile karatasi ya safu mbili uliyoitumia. Siku wakitafuta mutu wa kuwasaidia na hesabu, wataona mwandiko wako.