Kulima Mlimani bila Kupoteza Udongo

Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira, ukaleta mawe na matope toka milimani. Makumi ya watu walikufa. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini mlima usio na miti wala majani hauwezi kuzuia maji.

Basi, ukulima gani unafaa kule juu? Tuupime kwa maswali matatu. Kwanza: udongo unabaki? Baada ya mvua tazama kijito: maji yakiwa mekundu, shamba linashuka ziwani. Pili: mavuno yanadumu, hata mwaka wa jua kali? Tatu: mjane mwenye jembe tu ataweza?

Mitaro inayokingama mteremko, yenye matete ukingoni, inajibu vema. Matete yanashika udongo, tena yanalisha mbuzi. Mavi yao yanarudi shambani. Mjane naye aweza kuchimba hatua chache kila juma.

Lakini njia njema haidumu kwa amri. Wabelgiji walilazimisha watu wa Kivu kuchimba mitaro. Baada ya 1960 mingi iliachwa. Tena, jirani wa juu asipochimba, maji yake yatabomoa mtaro wa yule wa chini. Kwa hiyo watu wa mteremko mmoja wapatane wote, waanze toka juu. Na mwenye kukodi shamba apewe kwanza ahadi ya miaka mbele ya mashahidi. Bila hiyo, nani atapanda miti? Kwa mapatano hayo katekista, anayejulikana nyumba zote, atasaidia sana.