Punguza Makopo, Uione Ngozi Yako

Ukishuka basi Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kwenye barabara kuu iendayo Lindi, hukosi duka lenye rafu ya vipodozi. Kuna sabuni ya kung'arisha, krimu ya mchana na ya usiku, ya madoa, ya chunusi, losheni, gliserini. Wasichana wa sekondari wanavijua vyote kwa majina, na wanajua kipi kinatangulia kipi. Mimi ni mtaalamu wa ngozi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: niongeze nini? Jibu langu karibu kila mara ni kupunguza.

Ngozi isiyo na ugonjwa haitaki mengi. Inataka isafishwe bila kuchubuliwa, maji yake yasipotee, na isiunguzwe na jua. Kupunguza kunaokoa fedha, jambo kubwa kwa mkulima anayesubiri ufuta uuzwe, lakini sababu yangu ya kwanza ni nyingine. Ngozi inayopakwa vitu saba kwa siku haisomeki. Ikiwasha, hujui kipi kimewasha. Ikitoa baka, hujui ni ugonjwa au ni krimu.

Tuanze na kuoga. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi: seli zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Tabaka hilo lina asidi kidogo, na asidi hiyo ni sehemu ya kinga yake dhidi ya vijidudu. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, iko upande wa pili kabisa. Inayeyusha uchafu wa nguo vizuri, na kwa nguvu hiyohiyo inaondoa mafuta ya ngozi. Ndiyo maana mtu anatoka bafuni amepauka na miguu inavuta. Visima vyenye maji ya chumvi vinaongeza tatizo, kwani sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, na utando wake unabaki mwilini. Tumia sabuni laini ya kuogea, na uitumie hasa kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni na palipochafuka. Mikono na mgongo wa mtu asiyetoka shamba vinatosheka na maji. Sabuni za dawa za kuua vijidudu hazina kazi kwa ngozi nzima. Dodoki nalo lipumzike. Kusugua kila siku kunaacha weusi shingoni na mabegani, weusi ambao baadaye unanunuliwa krimu ya kuuondoa.

Mafuta hayaongezi maji mwilini. Yanayazuia yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo kinachohesabika ni wakati wa kupaka kuliko jina la kopo: jifute kidogo tu, ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha upake hapohapo. Mafuta ya mgando yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko karibu kitu chochote dukani, na ni ya bei nafuu. Wenye ngozi kavu, na watoto wenye ukurutu, ule watu wanaouita pumu ya ngozi, ndio wanaonufaika zaidi.

Na hapa kusini tuna mafuta yetu. Nazi ikikunwa, tui likakamuliwa na kuchemshwa taratibu mpaka maji yaishe, yanabaki mafuta mazuri ya mwili. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauri, ambayo inawapunguza baadhi ya bakteria wa ngozi. Kosa linalofanywa ni kuepua mapema. Maji yakibaki ndani, mafuta yanachacha na kunuka, na yakipakwa yanaweza kuwasha. Subiri sauti ya kuchemka iishe kabisa, chuja, weka kwenye chupa ndogo kavu, kivulini. Mafuta ya ufuta nayo ni mazuri kwa mwili. Uso ni habari nyingine. Mwenye chunusi asipake nazi wala mgando usoni, maana mafuta mazito yanaziba vinyweleo. Katika joto na unyevu wa pwani, nyuso za vijana wengi hazihitaji kupakwa chochote mchana. Mwenye vipele vya joto naye asipake mafuta mazito. Vipele hivyo vinataka maji, upepo na nguo nyepesi.

Mama mmoja kutoka huko Kiranjeranje alinionyesha mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeusi, imepasuka, inamenyuka kwa vipande, na kati ya vidole mlikuwa na malengelenge. Akafungua kanga, akaweka mezani tyubu nne na kopo moja.

"Daktari, nimepaka vyote hivi, moto hauishi."

"Pole mama. Umebangua korosho lini?"

"Jana. Na juzi."

Jibu lilikuwa hilo. Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye kemikali za ukoo mmoja na zile za utomvu wa embe, mti wa jamaa yake. Yanaunguza ngozi, na kwa baadhi ya watu yanaamsha mzio, hivyo kila mguso unaofuata unaleta uvimbe na mwasho mkali zaidi. Hakuna tyubu itakayoponya mkono unaorudi kwenye ganda kesho yake. Mbanguaji anahitaji glavu, au walau mikono iliyopakwa jivu au mafuta kabla ya kazi, kisha aoshe kwa sabuni na apake mgando. Ni hivyohivyo kwa salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Inawasha ngozi na macho. Vaa mikono mirefu, oga mara tu utokapo shamba, badili nguo. Nimeona watu wakitibiwa fangasi kwa miezi, na kumbe tatizo lilikuwa shati la shamba lisilofuliwa.

Sasa mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua. Hapa sitazunguka. Anayechanganya anachukua krimu mbili tatu, anaongeza tyubu ya steroidi, wakati mwingine haidrokwinoni, wakati mwingine zebaki. Steroidi kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa nzuri sana mikononi mwa tabibu, kwa ugonjwa unaojulikana na kwa siku chache. Zikipakwa mwezi baada ya mwezi zinaipunguza ngozi unene, zinaleta michirizi isiyofutika, chunusi na nywele usoni. Zikipakwa juu ya choa, mwasho unatulia kwanza na mgonjwa anafurahi, huku fangasi wanaenea chini kwa chini na lile duara lao linapotea, hata tabibu anashindwa kulitambua. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika miaka inageuka kinyume na kuacha weusi wa kibuluu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975, na nchi yao ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Kwetu zote tatu haziruhusiwi katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini mkorogo unapimwa kwa kijiko na kuuzwa kwenye kopo lisilo na maandishi, hivyo mlinzi wa kwanza ni wewe mnunuzi. Kama umeutumia muda mrefu, usiuache ghafla peke yako. Ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele. Nenda kwa tabibu akupunguzie hatua kwa hatua.

Jua la Kilwa, nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta, ni kali mwaka mzima. Ngozi nyeusi ina kinga yake: vipimo vilivyofanyika Marekani mwaka 1979 vilionyesha kwamba asilimia 7 hivi tu ya miale ya UVB ndiyo inayopenya tabaka lake la juu, dhidi ya 24 kwa ngozi nyeupe. Hivyo wengi wetu tunatosheka na kofia pana, mtandio na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenye madoa meusi usoni azingatie hilo zaidi, kwani jua linayarudisha. Mwenye ualbino hana hiari. Kwake krimu ya kuzuia jua ni ya lazima kila siku, pamoja na nguo ndefu na kofia, maana saratani ya ngozi inaanza mapema. Krimu ya Kilisun ilibuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Waulizeni wahudumu wa afya na vyama vya watu wenye ualbino namna ya kuipata.

Kupunguza kwenyewe ni rahisi. Ukitoa dawa ulizoandikiwa na tabibu, na steroidi au mkorogo niliokwishaueleza, weka vingine vyote pembeni kwa wiki nne, muda ambao tabaka la juu la ngozi linajijenga upya. Baki na sabuni laini, mafuta ya aina moja, na kofia. Baada ya hapo, ukihitaji kurudisha kitu, rudisha kimoja tu, ukijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa. Kikiwasha, umekijua.

Ngozi ikishakuwa tupu, itazame vizuri kwenye mwanga wa asubuhi, na mwenzako akutazame mgongo. Mwasho wa usiku unaowapata watu wengi wa nyumba moja mara nyingi ni upele, na hapo nyumba nzima inatibiwa kwa pamoja. Baka lililopauka au jekundu lisilowasha wala kuuma, ambalo ukiligusa kwa unyoya husikii kitu, usilipake chochote. Ukoma bado upo mkoani Lindi, unatibika kabisa, na ukiwahi hauachi ulemavu. Nenda zahanati ya karibu wiki hiyohiyo. Dawa zake zinatolewa bure.