Kukubaliana Kabla ya Kuchora

Mwaka 2006 mcheza dansi Mkongo Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu aliyekulia Kisangani, aliihamisha Studios Kabako, kituo chake cha sanaa, kutoka Kinshasa na kuirudisha nyumbani. Ingekuwa rahisi kutafuta kiwanja kimoja Makiso, karibu na ofisi na maduka, na kuota jumba kubwa. Yeye na msanifu majengo Bärbel Müller wa Vienna walifikiria vingine: vituo vidogo vitatu katika sehemu mbalimbali za mji, mithili ya sindano za tiba ya Kichina zinazochomwa mahali pachache ili mwili mzima upate nafuu. Sanaa iwafuate watu waliko. Shauri hilo lilikatwa kabla ya kuulizana habari ya saruji na mabati.

Kanuni ya usanifu ni hiyo: sentensi fupi inayoamua mambo mapema, ili baadaye watu wasigombane juu ya kila dirisha. Kazi ya Kabako ilivuka hadi Lubunga, komini ya Kisangani iliyo ng'ambo ya pili ya Mto Kongo, ikaunganisha sanaa na mambo ya mazingira pamoja na wakazi wenyewe. Mwaka 2014 ilipata tuzo ya Curry Stone, ambayo ni tuzo ya usanifu. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba usanifu wa Kisangani uliheshimiwa kupitia mcheza dansi.

Sasa tuseme kamati ya mtaa inataka kujenga kisima, au vijana wa chuo wanaunda programu ya simu ya kuuzia samaki. Kwa kawaida huanza na bajeti, halafu ramani, kisha ugomvi. Mimi nasema waanze na siku moja ya kukaa pamoja: fundi mwashi, mama anayebeba beseni la maji, kijana wa toleka (baiskeli ya kubeba abiria), mhasibu, mlinzi. Wazungumze Kiswahili na Lingala. Kifaransa kingoje ripoti, maana kikao kikiendeshwa kwa Kifaransa peke yake, waliosoma watajadiliana wao kwa wao na yule mama atabaki kutikisa kichwa.

Mazungumzo yaanze na vitu vinavyoonekana. Kila mmoja ataje kitu kimoja mjini kinachomfaa na kimoja kinachomtesa, aeleze na sababu. Mimi ningetaja mitego ya Wagenia, wavuvi wa Kisangani, pale kwenye maporomoko ya mto: magogo yaliyosimikwa katika mashimo ya miamba, yakafungwa kwa kamba za msituni, na vikapu vikubwa vikashushwa kwenye maji makali. Mto ukivunja kitu, kinachohitajika kukitengeneza kinapatikana msituni na mikononi mwa wavuvi wenyewe. Ndani ya mitego ile naona kanuni ambayo haikuhitaji karatasi.

Baada ya hapo kila mtu aandike pendekezo lake kimya kimya, na asiyeandika amwambie jirani amwandikie. Karatasi zibandikwe ukutani, zinazofanana zikae pamoja. Ndipo kazi ngumu inaanza, kwa sababu nyingi zitasema kisima kiwe kizuri, kiwe imara, kiwe cha wote. Ulizeni: kuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka kinyume chake? Kama hayupo, hayo ni matakwa mema tu, yaondoeni. Lakini mtu akiandika kwamba kila kinachoharibika lazima fundi wa Lubunga aweze kukitengeneza kwa vifaa vya sokoni hapa, hapo pana gharama. Mmeikataa pampu ya kisasa ambayo vipuri vyake vinatoka Ulaya, na mfadhili huenda asipende. Sentensi ya namna hiyo ibaki. Kisha ijaribuni kwa ugomvi wa zamani: ingeumaliza?

Idadi isiwasumbue sana. Mbunifu Mjerumani Dieter Rams alitunga kanuni 10, na kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitangaza 10 zake mwaka 2012, ya kwanza ikitaka kazi ianzie kwenye mahitaji ya watumiaji. Kamati ya mtaa ikipata 4 ambazo kila mtu anaweza kuzisema bila kusoma, imefaulu.

Hatari kubwa iko kwenye heshima. Papa mkubwa, yaani mzee anayeheshimiwa, akishasema, kikao chote kinaitikia, na ukweli unasemwa nje baada ya kufunga. Kwa hiyo wadogo waanze, mkuu wa mtaa amalizie, na mfadhili asiwepo asubuhi. Mkuu aelezwe mapema faraghani, asijione amevunjiwa adabu.

Na mwangalie sana ni nani hakuitwa. Tangu Februari 2023 mzozo wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola umeua watu na kufukuza familia nyingi makwao, na Lubunga imeumia moja kwa moja. Kikao kitakachokaa na upande mmoja kitatoa kanuni za upande mmoja, hata zikiandikwa vizuri namna gani, na kisima kitakachojengwa juu yake kitakuwa sababu nyingine ya kupigana. Afadhali kuchelewa mwezi mzima mkitafuta wajumbe wa pande zote mbili, hata ikibidi kuanza na vikao viwili mbalimbali.

Kabla ya kuachana, wekeni tarehe ya kurudi baada ya msimu wa mvua, na mtajeni mtu mmoja atakayeruhusiwa kusimama mbele ya mhandisi na kumwambia: hapa tulikubaliana vingine.