Kumbukumbu ya Kompyuta Inapougua

Samaki mmoja akioza, wameoza wote, walinena wahenga. Katika kompyuta mambo huweza kuwa vingine. Kumbukumbu yake hugawanywa kurasa kurasa, aghalabu za baiti 4096. Katika mashine zenye kinga ya makosa, biti moja ikigeuka husahihishwa papo hapo. Uharibifu ukizidi hapo, kiini cha Linux, yaani programu inayoitawala mashine, tangu mwaka 2009 huweza kuutenga ukurasa mbovu usitumiwe tena. Nakala safi ikiwamo diskini, husomwa upya. Isipokuwamo, programu inayoutegemea husitishwa, nyingine zikiendelea. Ukurasa ukiwa wa kiini chenyewe, mashine yote huweza kulazimika kusimama: heri kazi isimame kuliko akiba ya mtu kuandikwa uongo. Nawe, msomaji, kazi yako iwekee nakala mahali pengine.