Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Ukifika Rujewa msimu wa mavuno, ukaona magunia yalivyopangana kwenye mashine za kukoboa, huwezi kudhani kuna mtoto anayekosa lishe. Bonde letu hili la Usangu ni ghala la mpunga, na jirani zetu wa Iringa na Njombe wanalisha miji kwa mahindi. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini walikuwa wamedumaa. Iringa ilikaribia asilimia 57, Njombe asilimia 50.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi mno kwa umri wake. Ufupi ndio tunaouona. Ubongo nao umekosa vya kujijengea. Madhara hayo hutokea zaidi katika siku 1000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka 2, na baada ya hapo ni vigumu kuyafidia. Msichana aliyedumaa akija kuwa mama, yumo hatarini kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Tazama siku moja ya kupandikiza mpunga. Mama yuko jarubani tangu alfajiri. Mtoto wa miezi 9 ameachiwa dada yake wa miaka 8, na chupa ya uji wa sembe, mwepesi kama maji. Tumbo lake dogo linajaa kabla hajapata chakula cha maana. Umri huo anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku: uji mzito wenye karanga au dagaa, mboga, matunda, na bado anyonye. Mama anayajua hayo, kliniki aliambiwa. Anachokosa ni muda na, mara nyingi, kauli juu ya fedha za mpunga, ambazo deni la mbolea na trekta limekwisha kuzimega.

Kwa hiyo kumlaumu mama peke yake ni kumwonea. Hali ya nyumba ndiyo inayompunguzia chaguo.

Na hali hubadilika. Nchini Guatemala, kuanzia 1969, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini. Wavulana walioupata tangu kuzaliwa hadi miaka 2 walikuja kulipwa, kwa saa, wastani wa asilimia 46 zaidi ukubwani. Hapa kwetu, mradi wa lishe wa Iringa ulioanza 1983 katika vijiji 168 uliwafanya wanakijiji wenyewe kupima watoto uzito, kukaa kikao na kuamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua sana wakati huo.

Akina baba wa Usangu, kabla gunia la kwanza halijauzwa, tengeni fedha za dagaa, karanga na mayai ya mtoto. Msimu wa kupandikiza, mwekeni kibarua mmoja shambani ili mama mwenye mtoto mchanga arudi nyumbani mapema. Vijiji navyo vipange zamu za watu wazima wa kulea. Fedha za shule mtakazotumia baadaye zitazaa matunda zaidi kwa mtoto aliyelishwa vizuri sasa.